Juu ya Kuzihukumu Nchi kwa Neno Moja

Imekuwa desturi ya watu wa kila taifa kuikunja nchi nzima, pamoja na milima yake na lugha zake na watu wake, wakaitia ndani ya neno moja, kama msafiri atiavyo nguo zake katika kifurushi. Uliza barazani habari za Uhindi, utajibiwa: biashara. Uliza habari za Uingereza, utaambiwa: saa. Kongo ni muziki, Uganda ni ndizi, Zanzibar ni karafuu. Na watu wakaao mbali nasi, wakiulizwa habari za kusini hii yetu, husema: korosho. Ajibuye hivyo hudhani amejibu, na aulizaye huondoka akidhani amejua. Katika makala hii twataka kuipima desturi hiyo, tuone faida yake na hasara yake, na kwa nini hasara hiyo yawahusu hata watu wa Nambilanje, ambao pengine hawajaulizwa kamwe habari za Uhindi.

Kwanza na tutende haki. Neno fupi si dhambi. Mwanadamu hawezi kusema mambo yote kwa pumzi moja, na asiyekubali kufupisha hatamaliza hata salamu zake. Mwenye ghala huandika neno "ufuta" juu ya gunia, na neno lile lamsaidia kulitambua gunia lake kati ya magunia ya mbaazi. Lakini mnunuzi hatoi fedha kwa kusoma neno lililoandikwa. Hulifungua gunia, hutia mkono ndani, hutazama kama ufuta ni mkavu na kama umechanganyika na mchanga. Basi mwandishi wa neno hana lawama. Mwenye lawama ni yule anunuaye bila kufungua.

Tena neno laweza kuwa la kweli, na bado likapoteza watu njia. Ni kweli kwamba Zanzibar ni nchi ya karafuu. Lakini wengi wakisema Zanzibar huwaza Unguja, na mji wake, na majumba yake ya mawe, hali sehemu kubwa ya karafuu hizo hutoka Pemba. Hivyo sifa ya karafuu humwendea mmoja, na kazi ya kuzipanda, kuzichuma na kuzianika huwa ya mwingine. Ikiwa neno la kweli laweza kufanya hivyo, litafanya nini lile lililo nusu kweli?

Na sasa tutazame maneno yaliyo karibu nasi. La kwanza ni neno "machinga". Leo katika miji yote ya Tanzania, toka Dar es Salaam hata Mwanza, kila achukuaye bidhaa mkononi au kuzitandaza kando ya njia huitwa machinga. Neno hili limeingia katika sheria za miji na katika hotuba za viongozi. Liko hata juu ya jengo kubwa la soko katika mji wa Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, watu waliviita vitambulisho vya machinga. Na mwaka 2021 walipoondolewa kando ya barabara na kupelekwa mahali palipotengwa, habari zilisema machinga wamehamishwa. Wengine hata hufundisha kwamba neno hili limetoka katika Kiingereza, na kwamba maana yake ni vijana waendao kwa miguu.

Lakini wasomaji wa wilaya za Ruangwa na Nachingwea hawahitaji kufundishwa Kiingereza ili kulielewa. Wamachinga ni watu, tena ni jirani zetu. Kwao ni pwani ya Lindi, kaskazini ya mji, kuelekea Kilwa, nao wana lugha yao na mila zao. Hata katika nchi ya Malawi, miongoni mwa Wayao, jina hili lipo, na wilaya moja huko huitwa Machinga. Je, jina la kabila liligeukaje kuwa jina la kazi? Liligeuka kwa sababu katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wengi wa Lindi na Mtwara, wa makabila mbalimbali, walikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, wakachukua mitumba, sahani na viatu, wakavizungusha mitaani. Na watu wa mji, wasiojua kupambanua Mmwera na Mmakonde na Mmachinga, waliwaita wote kwa jina moja.

Na kwa nini walikwenda? Hapa ndipo neno linaponyamaza. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata korosho kiasi cha tani 145,000, na nyingi zilitoka kusini. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka hata chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, mbali na mikorosho yao, na mikorosho isiyopaliliwa ilimezwa na msitu. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiriunga uliyaunguza maua. Tena barabara ya kwenda Dar es Salaam ilifungwa na mvua kila mwaka, na mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Haya yote yamo ndani ya neno "machinga", lakini alitamkaye hayasikii. Yeye husikia kelele za mwuzaji na kuona njia iliyozibwa. Kijana aliyetoka nyumbani kwa sababu shamba lilishindwa kumlisha amepewa jina, na jina hilo limemfanya aonekane kama aliyezaliwa na bidhaa mkononi.

Neno la pili ni Nachingwea yenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kuwapatia watu wa Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yaliletwa kwa meli, misitu iling'olewa, na reli ilijengwa kutoka pwani hata Nachingwea. Lakini mvua ilikosekana, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, na mashine zilivunjika. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Tangu hapo Waingereza, wakitaka kutaja upumbavu wa serikali utumiao fedha bila akili, hutaja karanga za Tanganyika. Basi kwa watu wale Nachingwea ni jina la kushindwa.

Lakini nenda Msumbiji, uulize. Huko Nachingwea ni jina la ushindi. Maana hapo ndipo chama cha FRELIMO kilipokuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno, na Samora Machel alikaa hapo na askari wake. Na mwezi wa Mei mwaka 1975 aliuvuka mto Ruvuma akasafiri katika nchi yake yote hata Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni. Mahali ni pamoja, udongo ni ule ule, na muda uliopita kati ya habari hizi mbili haujazidi umri wa mtu mmoja. Mmoja akisikia jina hili hucheka, mwingine husimama kwa heshima. Wote wawili wana sababu. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyemtaja mkulima wa Nachingwea, aliyekuwapo kabla ya matrekta, akakaa pamoja na wapigania uhuru, na leo angali akilima. Neno moja humchukua mgeni mashuhuri aliyepita, humwacha mwenyeji.

Huenda msomaji akasema: "Hayo ni maneno ya aibu na ya vita, lakini neno la sifa halina ubaya." Na tulipime hilo nalo. Mwaka 1982 bendi ya Mombasa iitwayo Them Mushrooms ilitoa wimbo wa kuwakaribisha wageni, na ndani yake mna maneno mawili yanayojulikana sasa duniani kote: hakuna matata. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani iliyatia maneno hayo katika sinema ya wanyama iitwayo The Lion King, tena ikayaandikisha kuwa alama yake ya biashara. Na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kuipinga, wakisema lugha ya watu haiwezi kuwa mali ya kampuni. Ugomvi ule ulihusu nani mwenye maneno. Sisi twauliza swali jingine: maneno yenyewe yasema nini juu yetu? Yasema kwamba hapa kuna watu wasio na shida, wachekao daima, wendao polepole. Mgeni ajaye na maneno hayo moyoni amekwisha kuandika jibu kabla ya kuuliza. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa ambaye tembo wameingia shambani mwake usiku, akisema kwamba ana matata, na makubwa, huonekana kama mtu aharibuye wimbo. Sifa iliyotolewa bila kutazama hunyima watu haki ya kulalamika. Na asiye na haki ya kulalamika hapewi msaada.

Wala wageni si peke yao wafanyao hivi. Watu wetu nao wana neno lao, "Mzungu", nalo huwachukua watu wa mataifa mengi kwa mkono mmoja. Wamisionari wa Kiingereza waliofika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikti wa Kijerumani waliojenga Ndanda mwaka 1906, wote waliitwa Wazungu, ingawa walitofautiana kwa lugha, kwa kanisa na kwa ufalme. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, Wazungu hao, Waingereza na Wajerumani, walipigana siku nne, na vita vile vilikuwa vikali kuliko vingi katika Afrika ya Mashariki. Na neno "Mwafrika" halisaidii zaidi. Kwa maana upande mmoja walikuwa askari waliotoka hata Nigeria, na upande wa pili askari wa nchi hii, nao waliuana wakiwatumikia wafalme ambao hawakuwahi kuwaona. Mtu aliye na maneno hayo mawili tu hawezi kueleza hata siku moja ya Mahiwa. Angedhani rangi moja ilipigana na rangi nyingine, na haikuwa hivyo.

Na sasa tumefika kwenye neno ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondoke katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ili kuyalinda maji. Na wengi wao pamoja na ng'ombe wao walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Tangu wakati huo vijiji vingi vya kusini vimejua mambo ambavyo havikuyajua zamani: makundi ya ng'ombe, mazao yaliyoliwa, visima vinavyogombaniwa, mapigano, na hata vifo. Uchungu wa wakulima ni wa kweli, wala hatuudharau. Mtu aliyelima ufuta wake kwa jembe, akaamka asubuhi akakuta nyayo za ng'ombe na mabua yaliyolala, ana haki ya kulia na haki ya kulipwa.

Lakini sikilizeni jinsi habari hizi zisemwavyo barazani. Wafugaji wote huitwa kwa jina moja: Mang'ati. Ukichunguza utaona kwamba wengi wao ni Wasukuma, wengine ni Wamasai, na wengine ndio Wadatoga, hasa Wabarabaig, watu ambao asili yao ni pande za Hanang na Singida. Hao wa mwisho ndio waitwao Mang'ati na makabila mengine. Na jina hilo hawakujipa wenyewe. Walipewa na Wamasai, waliopigana nao zamani juu ya malisho, na maana yake ni "adui". Basi tazameni, ndugu wasomaji, safari ya neno hili. Wamasai waliwaita adui zao adui, na pengine walikuwa na sababu katika siku zile. Neno likasafiri nchi nzima mpaka likafika kwetu, nasi tusiojua Kimasai twamwita kwa jina hilo Msukuma aliyefika na mke wake, watoto wake na ng'ombe ishirini. Hata Mmasai mwenyewe, ambaye babu zake ndio waliolitunga, huitwa hivyo! Tumemwita mtu adui kabla hatujaamkiana naye.

Na neno hili lina matunda. Ng'ombe wakiingia shambani, swali la haki ni hili: ng'ombe wa nani? Mwenye mali huyo ajulikane, aitwe, hasara ipimwe, alipe. Lakini jibu likiwa "ni Mang'ati", hakuna awezaye kuitwa, kwa maana neno halina nyumba wala baba. Mkosaji halisi hujificha nyuma ya jina la wengi na hulala salama. Na asiye na kosa, ambaye labda ndiye aliyewazuia ng'ombe wake usiku ule, hupigwa njiani. Hivyo neno hilo humdhulumu mfugaji mwema, na humdhulumu mkulima vilevile, kwa kuwa humnyima mtu wa kumdai. Na ndivyo ilivyo kwao nao: mfugaji asemaye tu kwamba "wenyeji wa kusini ni wavivu" hatajua ni shamba gani lenye mwenyewe na ni lipi limeachwa lipumzike, naye atalisha palipokatazwa.

Hapa msomaji wa Maandiko aweza kutuuliza swali gumu. Je, Mtume Paulo, alipomwandikia Tito habari za watu wa Krete, hakutaja usemi wa mmoja wao kwamba Wakrete ni waongo, wakali na walafi? Ndiyo, aliutaja. Lakini tusome tujue kwa nini Tito alikuwa Krete. Aliachwa huko ili aweke wazee wa Kanisa katika kila mji, na wazee hao ilikuwa lazima wawe watu wasioshitakiwa neno, wakarimu, wenye kiasi. Naye angewapata wapi, ila miongoni mwa Wakrete wenyewe? Usemi ule ulikuwapo, lakini kazi aliyopewa Tito ilikuwa kwenda mji kwa mji kutafuta watu ambao usemi ule hauwahusu. Kama Paulo angaliamini kwamba neno lile limekwisha kusema yote, asingalimwacha Tito kule hata siku moja.

Swali la pili ni hili: je, taifa haliwezi kujichagulia neno lake? Laweza. Tanzania ilijichagulia neno "ujamaa" katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno hilo lilikuwa kama ahadi ya mtu mbele ya watu. Lakini hata ahadi hupimwa kwa matendo ya mahali na wakati. Katika Litowa, mkoani Ruvuma, watu walijikusanya kwa hiari yao miaka ya 1960, wakalima pamoja na kujiendeshea shule. Na katika miaka ya 1973 hata 1976 watu wa sehemu nyingi walihamishwa vijijini kwa amri, na wengine nyumba zao zilibomolewa. Yote mawili yaliitwa ujamaa. Asifuye neno hilo na alilaumuye wanaweza kubishana mpaka jogoo awike, kwa sababu kila mmoja ana kijiji chake machoni. Wangelipatana upesi kama wangetaja kijiji kwanza.

Basi neno baya laponywaje? Watu wengi hujaribu kuliponya kwa neno jingine: wakiitwa wavivu hujiita hodari, wakiitwa washenzi hujiita wastaarabu. Bwana wetu hakufanya hivyo. Katika siku zake neno "Msamaria" lilikuwa tusi kinywani mwa Wayahudi. Naye hakuwatolea hotuba kwamba Wasamaria wote ni watu wema, jambo ambalo lisingalikuwa kweli. Aliwasimulia habari za mtu mmoja, katika njia moja, ile ya kushuka Yeriko, aliyemwona majeruhi akafanya jambo hili na hili: alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa fedha kadha wa kadha katika nyumba ya wageni. Na kwa habari hiyo moja neno limepinduka, hata leo sisi tukitaka kumsifu mtu twamwita Msamaria. Na Nathanaeli, aliposhangaa kama jambo lolote jema laweza kutoka Nazareti, Filipo hakubishana naye juu ya sifa za Nazareti. Alimwambia aje aone.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu jambo jepesi kusema na zito kutenda. Mtu akileta habari mbele ya baraza la kijiji, au mezani, au njiani, akasema "watu wa nchi fulani ni hivi", na aulizwe kwa upole: Ni nani huyo uliyemwona? Ulimwona wapi? Ilikuwa lini, na wewe ulimwambia nini? Kama ana majibu, tutakuwa tumepata ushahidi, na baraza laweza kuukata kwa haki. Kama hana, tutakuwa tumejua kwamba alileta gunia lililofungwa. Viongozi wa vijiji, nao, waandikapo kesi ya mazao yaliyoliwa, waandike jina la mtu na jina la baba yake, wasiandike jina la kabila. Na walimu wafundishapo watoto habari za nchi za mbali, baada ya kuwaambia kwamba Uhindi ina biashara, wawaambie pia kwamba huko wamo wakulima wengi sana wangojao mvua kama sisi tungojavyo.

Msimu huu nao vijana watatoka vijiji vya Ruangwa na Nachingwea kwenda mjini, na huko wataitwa machinga. Na wafugaji watashuka na ng'ombe wao kutafuta maji, na huku wataitwa Mang'ati. Ikiwa twataka mtu wa mji amwulize kijana wetu jina lake na kwao, na sisi tumwulize mfugaji jina lake na kwao, tena tuanze sisi, kabla ng'ombe hawajafika shambani.